Kabla Hujaliita Chuma Chakavu

Anayetoka Same kwenda Moshi hana namna ya kuikwepa Himo, na anayeingia kutoka Taveta kwa mpaka wa Holili naye hali ni hiyo hiyo. Barabara zinakutana hapa, ile ya Marangu inateremka kutoka mlimani kuzikuta, ndiyo maana makutano yenyewe yakaitwa Njia Panda na hayajatafutiwa jina jingine. Leo utaona malori yanayosubiri zamu ya mizani, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, bodaboda, na Desemba ikifika, ule msururu wa magari ya watu wa Dar es Salaam wanaorudi kihambani kula Krismasi. Ila kwa miaka kama 20, kuanzia ile ya 1950, barabara za kaskazini zilisubiri magari ya namna nyingine. Yalikuja mara nyingi siku za Pasaka, katikati ya masika, yana namba kubwa ubavuni na taa zimepangwa puani, yamepakwa tope mpaka juu ya vioo.

Hayo yalikuwa magari ya Safari. Swali la makala haya ni moja: yalikwenda wapi, na kama mojawapo liko nyuma ya nyumba ya mzee fulani huko Kilema, Mwika au Kirua, nani anaweza kuthibitisha kwamba ndilo?

Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wazo lilitoka Kenya, kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Vincent hakuona raha ya kuzunguka kiwanja kimoja mpaka kizunguzungu. Alitaka mbio za kuanzia mlangoni kwa mtu, kukata Afrika Mashariki na kurudi. Njia ikapitishwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na waliopoteza pointi chache kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ya kawaida kabisa, ile ya mgongo wa mviringo. Miaka saba baadaye jina likageuka kuwa East African Safari, na sifa yake ikavuka bahari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Anayeijua barabara ya Magugu kupanda Mbulu wakati wa mvua hahitaji kuelezwa mengine yote yaliishia wapi.

Hapa ndipo mkasa wa mtafuta historia unapoanzia. Waandaaji wa mwanzo walitaka gari lishindane kama lilivyouzwa dukani. Hata madaraja yalipangwa kwa bei ya gari, ili Volkswagen isilinganishwe na Mercedes. Watengenezaji waliipenda kanuni hiyo kwa sababu mteja aliyeona Peugeot 404 imeshinda Jumatatu ya Pasaka aliweza kuingia kwa wakala wiki ile ile na kununua 404 kama ile. Tofauti kati ya gari la ubingwa na gari la mwalimu mkuu ilikuwa taa kadhaa, bati la kulinda tumbo la injini, tangi la ziada na tairi nzuri. Ukiziondoa hizo, umebaki na gari la mwalimu mkuu.

Na ziliondolewa. Mashindano yalipokwisha, gari liliuzwa. Madereva wengi wa wakati ule walikuwa watu wa hapa hapa, wenye gereji, mashamba, maduka au ajira kwa mawakala wa magari, na hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kuweka ndani gari zima linalotembea kwa ajili ya kumbukumbu. Mfano mzuri kuliko yote ni wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, yule waliyemwita Simba wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokwishatumika, iliyoachwa Kenya na timu ya kiwanda baada ya Safari ya mwaka uliotangulia. Walipewa namba 1, wakaondoka wa kwanza, wakashinda kwa tofauti ya saa 1 na dakika 40. Gari la mitumba ndilo lililowaaibisha wenye magari mapya. Mtu akikuambia leo kwamba gari la ubingwa lazima liwe na maisha safi ya karakana ya kiwandani, mkumbushe habari hiyo.

Kwa Tanzania, jina la kutajwa kwanza ni Bert Shankland. Alizaliwa Scotland, akafanya kazi Dar es Salaam kwa Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot, na pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell alishinda Safari mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, kwa Peugeot 404 ya injini ya kupulizia mafuta. Ushindi ule uliipa Peugeot, au tuseme Pijo, kama tulivyoizoea, heshima ambayo matangazo ya gazetini yasingeweza kuinunua. Kabla yake, mwaka 1963, Nick Nowicki alikuwa ameshaipa 404 ubingwa. Akairudia mwaka 1968. Baada ya hapo barabara za nchi hii zilijaa 404, na 504 iliyokuja nyuma yake: teksi, gari la bwana shamba, gari la padri, gari la harusi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako pesa ya kahawa ilikuwa imejenga nyumba za bati na shule za ushirika tangu enzi za chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, gari lilikuwa ndoto iliyofikika mapema kuliko sehemu nyingi za nchi.

Kwa hiyo ukisikia kwamba kuna Pijo kuukuu chini ya migomba na kwamba "hili lilikimbia Safari", usicheke. Inawezekana. Ila usiamini pia. Kila kijiji cha Afrika Mashariki kilichowahi kuwa na 404 kina mzee wa kuapa kwamba ile ya kwao ilikuwa ya Shankland.

Kwanza tuseme kwa nini yaliyobaki ni machache. Ilipofika katikati ya miaka ya 1970, Safari iliacha kuvuka mipaka ikabaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Himo, mji ulioishi kwa kuwa njiani kwenda Taveta, ukaona barabara yake moja imekuwa kichochoro. Vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na magari ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda kubeba askari na vifaa. Zikaja zile siku za kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kuwa kosa, kwa kuokoa mafuta. Spea hazikuonekana dukani, na mwenye spea stoo alimwogopa mpelelezi kuliko mwizi, hasa mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi. Katika hali hiyo gari bovu lililisha gari zima. Mlango ulikwenda kwa jirani, gia boksi ikaenda Moshi mjini, viti vikawa vya sebuleni, na injini ikafungwa kwenye mashine ya kusaga. Magari ya Safari yalichakazwa hapa kwa kutumiwa, na sioni kosa ndani yake. Nchi yenye uhitaji haikuwa na nafasi ya kufunika gari turubai ili wajukuu waje kulitazama.

Wajapani walikuwa na nafasi hiyo. Nissan ina ghala la magari yake ya kale huko Zama, karibu na Tokyo, na humo yamo magari yaliyoshinda Safari mwaka 1970 na 1971, Datsun 1600 SSS na 240Z, yote ya dereva Edgar Herrmann na msoma ramani Hans Schüller. Kiwanda kilijua kilichokuwa kinakitafuta Afrika Mashariki, kikayarudisha nyumbani, kikaandika. Jina la Datsun lilijengwa kwenye mashimo yetu, na ushahidi wake uko Zama. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ambako Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia mwaka mmoja nyuma, aliishindia tena Datsun baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Alikuja kushinda mara tano kwa jumla.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme umelirithi gari, au umeliona mahali na mwenyewe yuko tayari kuliuza. Lina jina la kuwa gari la Safari. Unaanzia wapi?

Unaanza na namba, na kabla ya yote namba ya chesisi. Namba ya usajili hubadilika, injini hubadilishwa, rangi ndiyo usiitazame kabisa. Fungua boneti, tafuta kibati cha kiwanda, kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya nywele, usitumie tupa wala msasa. Namba iliyoguswa na msasa mahakamani na mnadani huhesabiwa kuwa namba iliyochezewa. Ipige picha ikiwa na kutu yake. Namba mbili zisipolingana, usikate tamaa, ila ujue habari yako imekuwa ndefu.

Namba hiyo ndiyo ufunguo wa milango ya mbali. Peugeot ina taasisi yake ya historia, L'Aventure Peugeot, yenye makumbusho Sochaux, Ufaransa, na kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha gari la namba fulani lilitengenezwa lini na kwa umbo gani. Kwa magari ya Kiingereza kama Austin na Morris, makumbusho ya Gaydon hufanya kazi hiyo hiyo. Cheti hakitakuambia kwamba gari lako lilishindana. Kitakuambia kama lingeweza kushindana. Gari lililotoka kiwandani Oktoba 1967 haliwezi kuwa lile la Pasaka ya mwaka huo, hata mzee aape kwa mlima. Na 404 iliyozaliwa na kabureta haiwezi kuwa ya Shankland, kwa sababu yake ilikuwa na pampu ya Kugelfischer ya kupulizia mafuta. Angalia pia kinyume chake: pampu hiyo ikiharibika, fundi aliyekosa spea angeweza kuing'oa na kufunga kabureta ili gari litembee, hivyo gari lenye kabureta leo lisitupwe kabla ya kusoma aina yake kwenye kibati.

Halafu kadi. Kadi ya gari ya zamani, ile yenye majina ya wamiliki yakipangana na mihuri, ni cheti cha ndoa cha gari na wenyewe wote. Kabla ya mfumo wa sasa wa T, tarakimu tatu na herufi tatu, namba zetu zilianza na T na herufi nyingine mbili. Kenya K, Uganda U, Zanzibar Z. Gari lililovuka mpaka na kusajiliwa upya huku lilipoteza namba yake ya kwanza, na kwa kuwa picha za Safari zinaonyesha namba ya siku ile, umeachwa na picha ya gari usiloweza kuliunganisha na gari lako. Kinachoziba pengo hilo ni kadi ya zamani, au risiti ya bima, au daftari la gereji. Tatizo ni kwamba ukienda kubadilisha umiliki, kadi mpya inatoka na ya zamani unaweza usiione tena. Ipige picha kwanza, pande zote mbili, pamoja na mihuri iliyofifia.

Baada ya karatasi, bodi. Dashibodi ya gari la mashindano ina matundu yasiyoeleweka, kwa kuwa msoma ramani alikuwa na vyombo vyake, hasa ile saa ya Halda ya Sweden ya kupimia masafa. Tazama nyuma, karibu na buti: magari mengi ya Safari yalifungwa vishikio na mahali pa kukanyaga, ili gari likizama topeni msoma ramani asimame juu ya bampa la nyuma na kurukaruka tairi zishike. Vishikio huondolewa, mashimo ya bolti hubaki, au hubaki viraka vya kuchomelea. Tazama chini kama kuna bati lililoongezwa kwenye mihimili ya springi na shokapu. Tazama ndani ya buti kama kuna alama za tangi la pili na mikanda ya kufungia tairi mbili za akiba. Shimo moja halithibitishi kitu. Kila teksi ya zamani ina mashimo. Mashimo kumi yaliyoko mahali panapotakiwa, yakilingana na picha, hayo ni maneno mengine.

Picha zenyewe ziko wapi? Gazeti la Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930 na ambalo mwaka 1972 liliunganishwa na The Nationalist kuzaa Daily News, lilikuwa la Kiingereza na mashindano haya yalikuwa chakula cha wasomaji wake. Nakala za zamani ziko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwenye Nyaraka za Taifa. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, vumbi na vikohozi, na hailipi posho. Lakini gazeti la wiki ya Pasaka lina orodha ya walioanza, namba za ubavuni na aina za magari, na orodha hiyo ndiyo inayotenganisha habari na hadithi.

Kuna chanzo kingine, na hiki ndicho kinachonifanya niandike nikiifikiria Himo badala ya kuiandikia Paris. Mafundi. Magari ya Safari hayakuhudumiwa na malaika. Njiani kulikuwa na vituo vya huduma, na vijana wa gereji za Moshi, Arusha, Tanga na Dar es Salaam walishika taa, wakabadili springi, wakachanganya chai. Anayekumbuka ni fundi aliyelifungua gari tumboni, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye kiraka, kwenye bolti ya saizi isiyo yake, kwenye jina la aliyelileta. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1968 alizaliwa 1948. Hesabu mwenyewe amebakiwa na muda gani wa kusimulia.

Kuhoji wazee nako kuna adabu yake. Usifike na jibu mkononi. Ukimwuliza mzee, "Shikamoo babu, hili si ndilo gari la Shankland?", heshima itamlazimisha akubali, nawe utaondoka na uongo uliojitengenezea mwenyewe. Mwulize gari lilikuja na rangi gani, nani alilileta, lilipaki wapi, lilivunjika nini mara ya kwanza. Nenda kwa mwingine, usimwambie alichosema wa kwanza. Andika tarehe ya mazungumzo.

Sasa kuna swali gumu zaidi, nalo limeshafika mahakamani. Bentley moja iliyoitwa Old Number One ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930, ikiendeshwa na Woolf Barnato na wenzake, na pesa za Barnato, tusisahau, zilitoka kwenye almasi na dhahabu ya Afrika Kusini. Baada ya ushindi gari lile liliendelea kutumika na kubadilishwa. Mwaka 1932 lilipata ajali mbaya Brooklands na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Likajengwa upya, likavalishwa bodi nyingine, likapita mikono mingi. Mwaka 1990 mwenye gari alikubaliana kuliuza kwa pauni milioni 10, mnunuzi akakataa kulipa akidai hilo silo, kwa kuwa chuma kilichokuwemo siku ya Le Mans karibu chote hakikuwemo tena. Jaji Otton wa Mahakama Kuu ya London alikubali kwamba chuma cha awali kilikuwa kidogo sana. Pamoja na hayo akamwamulia muuzaji: gari lilikuwa na historia isiyokatika, hatua kwa hatua, hakuna siku ambayo lilikoma kuwepo na jingine likachukua jina lake.

Kwangu mimi hukumu ile inafaa kubandikwa kwenye kila gereji kati ya Himo na Sanya Juu. Maana wanunuzi wa Ulaya wanaokuja na pesa wana mazoea ya kutaka chuma cha siku ya mashindano na kuifuta miaka iliyofuata. Gari linafikishwa kwenye karakana, linavuliwa mpaka mfupa, linapigwa rangi ya mwaka 1967, na ile miaka 20 ya kubeba kahawa, wagonjwa na maharusi inafutwa kama uchafu. Wakati miaka hiyo ndiyo mnyororo wenyewe! Bila dereva wa teksi aliyelinunua 1971, bila padri aliyelibadilishia injini, bila fundi aliyelitia mlango wa gari jingine, hakuna njia ya kutoka mstari wa kumalizia mpaka kwenye mnada. Bei ya chuma inajengwa na ushahidi wa watu ambao hawataiona hiyo bei.

Na pale ambapo ushahidi haupo, watu huutengeneza. Timu za viwanda za Ulaya zenyewe zilikuwa na tabia ya kuhamisha namba na kadi kutoka bodi iliyoumia kwenda bodi mpya, hivyo magari mawili leo yanaweza kudai ushindi mmoja na yote mawili yakawa na hoja. Huku kwetu ni rahisi zaidi kughushi, kwa kuwa gari la awali lilikuwa la dukani. Pata 404 yoyote, bandika namba, toboa matundu. Muuzaji anayekuharakisha na hataki uguse kibati, muage kwa heshima.

Kumiliki nako si lelemama. Tairi za vipimo vya zamani ni shida, mpira wa madirisha unakauka, mafundi wanaoijua pampu ya Kugelfischer hawajai kwenye Noah moja. Kisheria gari kuukuu ni tatizo kabla ya kuwa urithi: ukiliingiza Tanzania linatozwa zaidi kwa uchakavu wake, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane kwa matumizi ya kawaida. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua kuwa masalia kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863. Carl Benz alisajili hataza ya gari lake mwaka 1886. Kwa kipimo hicho hakuna gari la Safari litakalokuwa masalia, na hakuna afisa wa Holili mwenye sababu ya kuliuliza 404 linalovuka mpaka juu ya lori linatokea wapi. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam inayo Rolls-Royce iliyobeba magavana na baadaye Mwalimu Nyerere. Ni vizuri. Lakini gari la wakubwa lina ofisi nzima ya kulikumbuka. Gari la Shankland, teksi ya baadaye, halina.

Wapo wanaodhani mashindano ya magari ya kale yametatua hili. Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic, ambayo hukusanya magari ya enzi zile na kuyakimbiza tena kwenye barabara zetu. Ni burudani, sikatai. Mwaka 2011 Björn Waldegård, aliyeshinda Safari yenyewe mara ya kwanza mwaka 1977, alishinda hii ya magari ya kale akiwa na mwanawe Mathias, ndani ya Porsche 911. Lakini tazama kejeli yake: Porsche haikuwahi kushinda Safari ya asili hata mara moja, na hii mpya imeshashinda mara kadhaa. Magari mengi yanajengwa Ulaya kwa mashindano haya, yanakuja kwa meli, yanarudi kwa meli. Ni magari ya kale kwa umri wa bodi, na hayana uhusiano na Pasaka yoyote ya Moshi.

Historia ninayoitaka mimi ni ndogo na ya bei nafuu. Haihitaji kurudisha gari barabarani. Gari lililokaa juu ya mawe huko Mwika, likiwa na kadi yake, picha ya chesisi, majina ya wamiliki kwa mfululizo na maelezo ya mafundi wawili yaliyoandikwa na kuwekewa tarehe, lina thamani kuliko gari linalong'aa lisilo na karatasi. Kijana wa kidato cha nne mwenye simu anaweza kuifanya kazi hiyo wikiendi moja.

Wenye mizani ya chuma chakavu wanapita mitaani kila siku na wanalipa taslimu. Basi kabla hujafungua geti, piga picha namba ya chesisi, kibati na kadi, na muulize fundi aliyelitengeneza gari hilo mara ya mwisho alipewa na nani. Na kama nyumbani kwenu kuna picha yoyote ya Safari, ya mwaka wowote kati ya 1953 na 1973, iliyopigwa kando ya barabara ya Same, Moshi, Arusha au Taveta, toa nakala, andika nyuma yake mahali, mwaka na majina ya waliosimama, kisha nakala moja ipeleke maktaba.